Umejuaje? Wapi uweke rejeleo kwenye risechi yako na wapi uache

Msimu wa kukusanya diseteshen ukikaribia, maswali yanayozunguka kwenye magrupu ya wanachuo huwa ni yaleyale, koma inakaa kabla ya mwaka au baada, jina la kwanza linaandikwa lote au herufi tu, Turnitin, ile programu ya kukagua maandishi yanayofanana na ya wengine, inaruhusu asilimia ngapi. Si maswali mabaya, ila yanatakiwa yaje mwisho. La kwanza kabisa, ambalo wengi wanaliruka, ni hili: msomaji akinyooshea kidole sentensi yako akakuuliza "umejuaje?", unamjibu nini?

Majibu hayako mengi. Unaweza kusema nimekipima mwenyewe uwandani, basi hapo unamwonyesha data zako na namna ulivyozikusanya. Unaweza kusema nimefikia mwenyewe baada ya kutazama ushahidi, hapo ni hoja yako, simama nayo uitetee. Unaweza kusema hili kila mtu analijua, basi liache lipite. Lakini kama jibu la kweli ni "nilisoma mahali", "nilimsikia lekcha fulani akisema", "niliona kwenye ripoti", hapo ndo rejeleo linapokaa, yaani unamtaja uliyemtoa, na haijalishi umeandika kwa maneno yao au yako, haijalishi ni kitabu au video au hotuba. Mambo yote mengine tutakayoongea hapa yanatoka kwenye hilo swali moja.

Tuanze na "kila mtu analijua" maana ndo inachanganya kuliko zote. Ukiandika kwamba Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 huhitaji rejeleo. Ukiandika Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967 huhitaji pia, hayo yako kwenye madaftari ya shule na hakuna atakayebishana na wewe. Sasa sogea hatua moja tu mbele uandike "Azimio la Arusha lilidhoofika kwa sababu watendaji wa ngazi za chini hawakulielewa", hapo umeshatoka kwenye tukio umeingia kwenye maelezo ya kwanini, na maelezo ya kwanini yana wenyewe. Mwingine atakuambia sababu ni bei ya mafuta ya miaka ya 1970, mwingine atakuambia vita vya Kagera vya 1978 na 1979, mwingine ukame, mwingine atasema tatizo lilikuwa kwenye sera yenyewe, na kila mmoja kashaandika makala yake. Kama hiyo ya watendaji umeitoa kwa mtu, mtaje. Kama umeifikia mwenyewe kwa kusoma nyaraka za wakati ule, taja nyaraka zilizokufikisha hapo, manake bila hivyo msomaji hawezi kujua kama ni utafiti au ni maoni ya kijiweni.

Namba ndo kabisa hazina mjadala. "Tanzania ina watu wengi" inapita bila kitu, ila "Tanzania ina watu 61,741,120" hiyo imetoka kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 na lazima useme hivyo, tena na mwaka wake uutaje, kwa sababu sensa ya 2012 ilihesabu watu 44,928,923 na mtu akikuta namba haina mwaka hajui unaongelea nchi ya lini. Kenya hivyohivyo, 47,564,296 ni ya sensa ya 2019, ukiiweka tu bila mwaka mtu wa miaka kumi ijayo atadhani ni ya juzi. Na rejeleo liende kwa aliyehesabu, yaani Ofisi ya Taifa ya Takwimu kwa Tanzania na KNBS, ofisi ya takwimu ya Kenya, kwa Kenya, lisiende kwenye saiti ya habari iliyoinukuu ile ripoti halafu ikakosea tarakimu moja katikati. Ripoti zenyewe ziko mtandaoni bure, unadanlodi unafungua jedwali unaona kwa macho yako.

Halafu hicho kinachojulikana na wote kinategemea unamwandikia nani. Mwanafunzi wa isimu akisema Kiswahili kina ngeli za nomino hamna atakayemuuliza, lakini akisema ziko ngapi, palepale anaulizwa kwa uainishaji wa nani? Kuna wanaohesabu kwa maumbo ya viambishi wakifuata njia ya wanaisimu wa zamani akina Bleek na Meinhof, na kuna wanaohesabu kwa upatanisho wa kisarufi, A-WA, KI-VI, LI-YA, na idadi hazilingani. Kwahiyo jambo linaloonekana kama la kawaida kabisa likawa na mjadala ndani yake, na palipo na mjadala panatakiwa jina. Ukiwa na mashaka, weka rejeleo. Rejeleo la ziada msimamizi atalifuta kwa kalamu tu, lakini lililokosekana linaweza kukurudisha nyuma mwaka mzima.

Sasa kuweka kwa maneno yako mwenyewe. Hapa wengi wanaumia na hawana nia mbaya kabisa, hawajawahi kuonyeshwa tu. Tuseme Fulani kwenye makala yake ya 2015 kaandika hivi: "Wanafunzi wengi wa vijijini huacha shule kwa sababu ya umbali mrefu kati ya nyumbani na shuleni." Mwanafunzi anaichukua anaandika: "Wanafunzi walio wengi wa maeneo ya vijijini hukatisha masomo kutokana na umbali mkubwa kati ya makazi yao na shule." Kabadilisha neno mojamoja kwa kisawe chake, mifupa ya sentensi ni ileile, na hata akiweka (Fulani, 2015) mwishoni bado kuna tatizo, kwa sababu anamwambia msomaji haya ni maneno yangu wakati sentensi kaijenga Fulani. Njia ya kweli ni kusoma, kufunga kitabu, kujiuliza Fulani anasema nini hasa na mimi nakihitaji kwa ajili ya nini, halafu unaandika. Utajikuta umeandika kitu kama: Fulani (2015) anaona kwamba kinachomtoa mtoto wa kijijini shuleni mara nyingi ni safari ya kila siku, hoja ambayo inasaidia kueleza kwanini shule mbili za kata moja zinaweza kutofautiana sana kwenye utoro. Hapo Fulani yupo, na wewe upo pia. Na rejeleo linabaki palepale hata kama hamna neno lake hata moja, maana wazo ni lake.

Kuna tabia nyingine nakutana nayo karibu kila sura ya pili ninayopitia, ile ya mapitio ya maandiko, aya nzima ya mistari kumi na tano halafu mwisho kabisa kuna mabano yenye jina moja. Msomaji anabaki anajiuliza, hilo jina linabeba sentensi ya mwisho peke yake au aya yote? Na kama ni aya yote, wewe uko wapi humo ndani? Dawa yake ni kumtambulisha mtu mapema na kuendelea kumshika mkono, "Fulani anadai kwamba", "anaendelea kueleza", "hata hivyo data zake zinatoka mkoa mmoja tu", na hiyo sentensi ya mwisho inasikika wazi kuwa ni wewe umeingia. Vitenzi navyo vichague kwa makini. Ukisema mtu "anathibitisha" unakuwa umeshakubali, ukisema "anadai" unajitenga kidogo, "anapendekeza" ni kitu kingine tena. Sura ya pili iliyoandikwa vizuri unaisoma unasikia watu wanabishana na mwandishi yuko katikati anaongoza mazungumzo, tofauti kabisa na zile za Fulani alisema, Fulani mwingine akasema, ukurasa baada ya ukurasa.

Kwa wanaoandika kwa Kiswahili nina neno la pekee. Kuchukua makala ya Kiingereza ukaitafsiri aya kwa aya ukaiweka kwenye tasnifu yako bila kumtaja mwenyewe ni wizi wa kitaaluma sawasawa na kukopi na kupesti. Kwamba mashine haikugundua haibadilishi kitu, kwa sababu mwenye wazo ni yuleyule hata lugha ikibadilika. Najua inatokea sana kwa kuwa maandiko mengi ya nadharia yapo kwa Kiingereza na sisi tunaandikia Kiswahili, na kutafsiri ni kazi halali, tena ya heshima, nyie mnaoifanya mnaijenga lugha. Kinachotakiwa ni kusema tu. Kwa APA, mmoja wa mitindo ya kuandika marejeo, kipande ulichokitafsiri mwenyewe kinahesabiwa kama umekiweka kwa maneno yako, hakiwekewi alama za kunukuu, unaweka jina na mwaka. Mitindo mingine inaruhusu uweke alama za kunukuu na uandike "tafsiri yangu" pembeni. Uliza idara yako inafuata upi, lakini jina la mwenyewe lisikosekane kwenye wowote.

Kunukuu moja kwa moja kufanye kwa uchache. Sababu nzuri za kunukuu ni kama maneno yenyewe ndo yanachambuliwa, mfano mstari wa shairi, kifungu cha sheria, tamko la kiongozi, au kama mtu kasema kitu kwa namna ambayo ukiigusa inaharibika, au unataka kumpinga na hutaki aseme umemlisha maneno. Nje ya hapo sema kwa maneno yako. Ukinukuu, weka namba ya ukurasa, hii watu wanaisahau mno na ndo inayomsaidia msomaji, fikiria mtu anatafuta sentensi moja ndani ya kitabu cha kurasa 400. Kwenye APA nukuu ikifika maneno 40 unaitoa kwenye aya, unaiingiza ndani kidogo upande wa kushoto na alama za kunukuu unaziondoa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mimi naona ni zito kuliko yote, nalo ni kutaja kazi ambayo hujaisoma. Umesoma kitabu cha mwaka 2012, ndani yake kuna "Fulani (1980) anasema hivi", wewe unachukua Fulani (1980) unamweka kwenye marejeo yako kana kwamba ulimshika mkononi. Kisa cha spinachi kinaonyesha inakopeleka. Kuna hadithi maarufu sana kwamba mwanakemia mmoja wa Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19 alikosea nukta ya desimali akaandika spinachi ina madini ya chuma mara kumi ya kiwango chake halisi, na ndo maana Popeye wa kwenye katuni anakula spinachi apate nguvu. Mwaka 1981 daktari Mwingereza anaitwa Terence Hamblin aliiandika kwenye jarida la kitabibu la BMJ, bila kutaja alikoitoa. Kwa kuwa ilikuwa BMJ, watu wakaamini, wakaitaja, waliowasoma hao nao wakaitaja, miaka ikaenda. Mwaka 2010 mtafiti Mike Sutton akaamua kuifuata nyuma mpaka ilikoanzia na hakukuta ushahidi wa hiyo nukta popote, tena akakuta kwenye katuni ya 1932 Popeye mwenyewe alisema anakula spinachi kwa ajili ya vitamini A. Mwaka 2014 Mnorwei Ole Bjørn Rekdal akachapisha makala nzima kwenye jarida la Social Studies of Science akionyesha jinsi wasomi wanavyorithishana madai ya namna hii bila mtu kufungua chanzo. Angalia vizuri, hadithi iliyokuwa inatumika kuonya watu wasiamini vitu ovyo, yenyewe ilikuwa inaaminiwa ovyo, na kila aliyeiandika aliweka rejeleo safi lenye koma zake zote.

Kwahiyo fanya hivi, itafute kazi ya 1980 uisome. Ukikosa kabisa, imechapwa zamani haipo maktaba haipo mtandaoni, basi sema ukweli, "Fulani (1980) akinukuliwa na Fulani mwingine (2012)", na kwenye orodha ya marejeo unaweka ile ya 2012 uliyoisoma. Hamna aibu hapo. Umemwambia msomaji macho yako yaliishia wapi, na kama yule wa 2012 alimwelewa vibaya wa 1980, kosa halitakuwa limejificha ndani ya kazi yako.

Kuna kisa kingine cha namna hiyo. Kampuni ya uchapishaji ya Elsevier ilikuwa na mwongozo wa kuandaa makala na ndani yake mlikuwa na mfano wa rejeleo, Van der Geer na wenzake, mwaka 2000, makala kuhusu namna ya kuandika makala ya kisayansi. Ni mfano tu wa kuonyesha vitu vinavyopangwa, makala haipo na hata jarida lililotajwa halipo. Profesa mmoja wa Uholanzi, Pieter Kroonenberg, akashtuka kuona inatajwa kwenye kazi za watu, na mwaka 2017 Anne-Wil Harzing akaeleza kisa kizima, kazi karibu 400 zilikuwa zimeitaja makala ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuiandika. Wengi inaonekana walitumia templeti wakasahau kufuta mfano.

Enzi hizi za akili mnemba hilo tatizo limekua mara nyingi zaidi. ChatGPT ilipotoka Novemba 2022 watu wakaanza kuiomba marejeo, nayo inatoa, jina la mwandishi linasikika kweli, jarida lipo, mwaka upo, kurasa zipo, ila ukienda kutafuta makala haipo. Haikudanganyi kwa kukusudia, imetengenezwa kupanga maneno yanayofuatana vizuri, na rejeleo kwake ni maneno tu kama mengine. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York walipeleka mahakamani hoja zenye kesi zilizobuniwa na ChatGPT, kwenye shauri la Mata dhidi ya shirika la ndege la Avianca, na Jaji Kevin Castel akawatoza wao na ofisi yao faini ya dola 5,000. Hao ni mawakili wenye leseni na uzoefu wa miaka. Namna ya kujilinda ni rahisi, kila rejeleo ulilopewa na mashine lifungue mwenyewe kabla halijaingia kwenye kazi yako. Makala nyingi za majarida siku hizi zina namba ya DOI, namba ya utambulisho wa makala yenyewe, ipeleke kwenye doi.org, kama inafungua makala nyingine au haifungui kitu, achana nayo. Na kama chuo chako kinaruhusu kutumia hizo programu, sema ulizitumia kwa lipi, kurekebisha lugha, kutafuta mawazo, vyovyote ilivyokuwa. Sheria zinatofautiana chuo na chuo kwahiyo usitegemee alichoambiwa rafiki yako wa chuo kingine.

Turnitin nayo inaeleweka vibaya. Ile asilimia ni ya kufanana kwa maandishi, haipimi wizi. Inahesabu pia nukuu zako halali, orodha ya marejeo, jina la chuo kwenye jalada, vishazi ambavyo kila mtu anaandika kama "lengo kuu la utafiti huu lilikuwa". Kazi ya asilimia 25 inaweza kuwa safi kabisa, na kazi ya asilimia 6 ikawa na aya mbili zilizobebwa zima kutoka kwa mtu. Ndo maana msimamizi anayejali haishii kwenye namba, anafungua ripoti anaangalia ni kitu gani kimefanana. Na wewe ukipewa ripoti, ifungue hivyohivyo. Niwaombe sana wale wanaolipia watu "washushe asilimia", mtu anakubadilishia maneno kwa visawe vya ajabu mpaka "mapitio ya maandiko" yanakuwa kitu kisichoeleweka, pesa imeenda, kazi imeharibika, na mawazo bado ni ya watu bila majina yao. Isitoshe, diseteshen inabaki maktaba miaka na miaka na yeyote anaweza kuirudia. Karl-Theodor zu Guttenberg alipewa udaktari wake Bayreuth mwaka 2007, mwaka 2011 akiwa waziri wa ulinzi wa Ujerumani watu wakaipitia tasnifu yake ukurasa kwa ukurasa wakaweka wazi yote aliyobeba bila kutaja, akavuliwa digrii na tarehe 1 Machi akajiuzulu uwaziri. Mwaka uliofuata Rais wa Hungaria, Pál Schmitt, naye akaondoka madarakani kwa kisa cha aina hiyohiyo.

Mitindo yenyewe nitaipitia harakaharaka kwa sababu miongozo ipo na maktaba yoyote ya chuo itakupa. APA ya sasa ni toleo la saba, lilitoka mwishoni mwa 2019, na kazi yenye waandishi watatu au zaidi unataja wa kwanza tu na "na wenzake" tangu mara ya kwanza. Watu wa tiba wanatumia Vancouver, ile ya namba, wanahistoria wengi wanapenda Chicago yenye maelezo chini ya ukurasa, wanasheria wana ya kwao. Chagua uliyoagizwa na idara, baki nayo mwanzo mwisho, usichanganye. Kuna softiweya inaitwa Zotero, ya bure, inakuhifadhia vyanzo na kukupangia orodha, jifunze kuitumia mapema siyo wiki ya mwisho, na hata ukiitumia pitia inachokutolea maana ikilishwa taarifa mbovu inatoa mbovu.

Kitu ambacho miongozo ya nje haikisaidii sana ni majina yetu. Wao wanadhani kila mtu ana jina la ukoo, na sisi wengi tuna jina letu, la baba na la babu. Ndo maana Shaaban Robert utamkuta sehemu moja yuko kwenye R na sehemu nyingine kwenye S. Ushauri wangu ni kutumia jina la mwisho kama lilivyochapwa kwenye kazi yenyewe, na mtu yuleyule awe na sura moja kwenye kazi yako nzima, asiwe kwa jina la baba ukurasa wa 12 na kwa jina lake mwenyewe ukurasa wa 40. Taasisi nazo ni waandishi kamili, taasisi za Kiswahili kama TUKI na BAKITA, wizara, unaziandika kama mwandishi, na ukiona ripoti haina jina la mtu usiandike "hajulikani" wakati nembo ya wizara iko juu ya jalada.

Vyanzo vya mdomo ndo utajiri wetu, na ndo vinavyotajwa hovyo kuliko vyote. Tofautisha vitu viwili. Kama mzee uliyeongea naye ni msailiwa ndani ya utafiti wako, maneno yake ni data, hayaendi kwenye orodha ya marejeo, unamtambulisha kwa namna mliyokubaliana kwenye ridhaa, "Msailiwa 4, mwanamke, Kilwa", na jina lake halisi unalificha kama uliahidi kulificha. Kama ni mtaalamu uliyempigia simu kumuuliza jambo moja nje ya usaili, kwa APA hayo ni mawasiliano binafsi, yanatajwa ndani ya maandishi na tarehe yake, kwenye orodha hayaingii kwa sababu msomaji hawezi kuyapata. Jedwali ulilotengeneza kutokana na dodoso zako andika chini yake "Chanzo: Data za uwandani" na mwaka, ramani uliyoitoa kwa mtu andika jina la mtu.

Mashairi ya zamani yana mtego wake. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840, hakuna wa kukudai hakimiliki ya beti zake, lakini hakimiliki kuisha hakukuondolei wajibu wa kumtaja, hivyo ni vitu viwili tofauti. Na zaidi ya hapo, beti zake hazikutufikia kwa mkono wake. Mwalimu Sikujua alizikusanya pamoja na mmisionari W. E. Taylor, na diwani ikaja kuchapishwa na William Hichens mwaka 1940 huko Johannesburg, na wataalamu wengine wakazishughulikia tena baadaye. Kati ya mkono mmoja na mwingine tahajia inabadilika, neno linasomwa vingine, ubeti unawekewa maelezo tofauti. Ukiandika tu (Muyaka) hujaniambia nikafungue wapi nione ulichokiona wewe, taja toleo ulilolishika.

Siku ya kukusanya ikifika, chapisha orodha yako ya marejeo kwenye karatasi, shika kalamu, pitia kazi kuanzia ukurasa wa kwanza na kila jina unalokutana nalo liwekee tiki kwenye orodha. Yatakayobaki bila tiki mwishoni yafute, hukuyatumia. Na jina lolote ulilolikuta ndani ya kazi halafu kwenye orodha halipo, litafutie taarifa zake usiku huohuo, na ukikosa kabisa lilikotoka, ondoa na dai lenyewe lililokuwa linalishikilia hata kama ndo sentensi uliyokuwa unaipenda.